Alhamisi jioni sipokei simu

Najua nimepotea muda mrefu, na wengine mmeshaanza kunitumia meseji mkiuliza kama nimenuna. Sijanuna jamani. Ni zamu tu, na baridi, na zamu tena. Leo nina mapumziko, chai ya tangawizi ipo pembeni, nguo ziko kwenye mashine, nikasema ngoja nilipe deni moja ambalo limenikaa kooni.

Deni lenyewe ni jibu la mama mdogo.

Wiki tatu zilizopita alinipigia simu Alhamisi jioni, sikupokea. Akapiga tena, sikupokea. Nilipompigia usiku nikamweleza kwamba nilikuwa ukumbini na watoto wa skauti. Akaniuliza kwa upole kabisa, "Haya mwanangu, na hao skauti wanakulipa kiasi gani?" Nikamwambia hawanilipi, najitolea. Kimya. Nilidhani simu imekatika. Halafu akasema, "Yaani unaacha zamu ya pesa, unakwenda kucheza na watoto wa wazungu bure? Na ada ya mtoto wa kaka yako haijatimia?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Nikacheka kidogo, nikamuuliza habari ya mguu wake, tukaagana. Lakini swali lile nimelala nalo na kuamka nalo. Nimegundua pia kwamba si la mama mdogo peke yake. Wengi wenu mmeliuliza kwa njia za pembeni, na hata Waswahili wenzangu wa hapa mjini wananiuliza. Kwa hiyo leo nawajibu wote kwa pamoja.

Kwanza, hesabu ya mama mdogo ni sahihi. Zamu moja ya usiku ya ziada, baada ya kodi, inaniachia kama paundi 150. Kwa shilingi zetu hiyo ni karibu laki tano. Zamu za usiku zinaanza saa moja na nusu jioni, na mimi Alhamisi saa hizo niko ukumbini nimeshika kamba. Kila mwezi kuna zamu nne za Alhamisi ambazo siwezi kuziomba. Sisemi kwamba ningezifanya zote, mwili nao una haki yake. Lakini hata moja tu ingesaidia kitu nyumbani, hilo nalijua, na sitaki kuwadanganya kwamba halinigusi.

Sasa niwaeleze nilivyoingia, maana hata hapo sikuingia kwa wema. Niliingia kwa ubinafsi.

Mwanangu alipofika miaka minane alitaka skauti kwa sababu rafiki yake wa darasani alikuwa nao. Skauti wa hapa Uingereza wamegawanywa kwa umri. Wadogo kabisa wanaanza na miaka 4, halafu wapo wa miaka 6 hadi 8, halafu Cubs, ambao ni wa miaka 8 hadi 10 na nusu, ndipo wanafuata skauti wenyewe mpaka 14, na vijana mpaka 18. Wavulana na wasichana wako pamoja. Nikaenda kumwandikisha, nikaambiwa aandikwe kwenye orodha ya kusubiri. Tukasubiri mwaka mzima. Nilipouliza kwa nini, yule mkuu wa kundi, mzee mmoja aliyestaafu udereva wa basi, akaniambia bila kuzunguka, "Watoto tunawataka, ukumbi upo. Watu wazima ndio hawapo. Kila mzazi anataka kumshusha mtoto na kuondoka."

Nikajiona mimi mwenyewe. Gari langu lilikuwa linaunguruma nje, sikuwa hata nimezima.

Nikasema nitakuja mara mbili kwa mwezi. Sasa ni mwaka wa tano. Mwanangu ameshavuka kwenda ngazi ya juu, mimi nimebaki na Cubs. Mnajua wanavyoniita? Baloo! Viongozi wa Cubs wanachukua majina ya wanyama wa kitabu cha Kipling cha mwaka 1894, mkubwa anaitwa Akela ambaye ni mbwa mwitu, na mimi ni Baloo, yaani dubu. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Basi ndivyo ilivyo, muuguzi mwenye digrii yake, mtandio kichwani, skafu ya skauti shingoni, anaitwa dubu.

Tunafanya nini hiyo saa moja na nusu? Wanapandisha bendera, wanacheza mchezo wa kukimbizana ili wachoke kidogo, halafu kuna kitu cha kujifunza. Kusoma ramani. Kuwasha moto na kuuzima. Kumenya viazi kwa kisu bila kujikata. Msicheke, wapo watoto wa miaka tisa hapa ambao hawajawahi kushika kisu. Na mimi kwa sababu ya kazi yangu nimepewa huduma ya kwanza.

Nawafundisha kupiga simu 999 na kusema walipo, maana mtoto anaweza kusema "mama ameanguka" mara kumi asitaje mtaa. Nawafundisha kufunga mkono uliovunjika kwa bandeji ya pembetatu, kwa lile fundo la kulia juu ya kushoto, kushoto juu ya kulia, ambalo linalala bapa na halimuumizi mgonjwa. Na nawafundisha kuungua. Maji baridi yanayotiririka, dakika 20 kwa saa, si kwa kukisia. Vua pete na nguo iliyo karibu kama haijagandia. Funika kwa ile nailoni safi ya kufungia chakula. Usipake kitu.

Mwaka jana binti mmoja wa kundi letu, mdogo wa mwili na mpole hata jina lake hulisikii anapolitaja, alikuwa kwa bibi yake siku bibi alipojimwagia maji ya kettle mkononi. Bibi akawa anatafuta siagi. Yule mtoto akamshika akampeleka kwenye bomba na kumsimamisha pale huku akiangalia saa ya ukutani, na bibi alipotaka kutoka alimkatalia. Mama yake ndiye aliyekuja kunisimulia, anacheka na machozi yanamtoka.

Nami nikacheka naye. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa kwenye gari muda mrefu, kwa sababu nilimkumbuka mdogo wangu. Mnakumbuka siku ya uji? Mimi nilikuwa na miaka kumi, yeye mitatu. Tulimpaka dawa ya meno, bibi akaongeza ute wa yai, jirani akaja na asali. Kila mtu alikimbia, kila mtu alipenda kusaidia. Maji yalikuwepo, ndoo mbili nzima, hatua tano kutoka alipokuwa analia. Hakuna aliyejua. Lile kovu la mkono mpaka leo analifunika kwa nguo ya mikono mirefu hata joto la Februari. Simlaumu bibi, Mungu amrehemu. Nasema tu kwamba mtoto wa miaka kumi anaweza kufundishwa jambo hili kwa jioni moja, na mimi sikufundishwa.

Kwa hiyo mkiniuliza kama ninachofanya ni kucheza, nitasema ndiyo, tunacheza sana. Lakini mchezo wenyewe una faida.

Sasa niyajibu yale mengine.

Shangazi aliuliza kuhusu kanisa, maana alisikia tunakutana kwenye ukumbi wa kanisa. Ni kweli. Kundi linapanga ukumbi kama wapangavyo watu wa mazoezi ya viungo na wazee wa kucheza karata. Hakuna anayehubiriwa. Skauti wana ahadi ambayo mtoto anaitoa, na Muislamu anaitoa kwa jina la Allah. Tangu mwaka 2014 ipo hata ya mtoto wa familia isiyo na dini. Mwanangu alitoa ya kwetu, kwa sauti, mbele ya wenzake wote, na hakuna aliyegeuza shingo.

Kaka mmoja wa chama chetu cha Waswahili hapa mjini yeye alinipinga kwa hoja nzito zaidi. Alisema, "Dada, huyo Baden-Powell alikuwa mkoloni. Unavaaje skafu yake?" Hapa sitamkatalia. Mtu huyo alikuwa afisa wa jeshi la himaya, na mwaka 1896 kule Matabele, Zimbabwe ya leo, aliamuru chifu Uwini apigwe risasi. Mwaka 1907 akapiga kambi yake ya kwanza na wavulana kama ishirini kwenye kisiwa cha Brownsea, akiwachanganya watoto wa wenye nacho na wa wafanyakazi, jambo ambalo Waingereza wa wakati ule hawakulizoea. Kaburi lake lipo Nyeri, Kenya, alikofariki Januari 1941. Yote hayo ni yeye huyohuyo. Lakini skauti wa leo si mali yake. Tangu Septemba 2024 Skauti Mkuu wa Uingereza ni Dwayne Fields, mtu mweusi aliyezaliwa Jamaica na kuletwa London akiwa na miaka sita. Na kule nyumbani skauti wetu wameimba na kupiga gwaride kwa Kiswahili miaka yote. Kitu kikishakaa mikononi mwa watu, watu hukigeuza kiwe chao. Hata kanzu ya suti na koti tulizivaa tukazifanya zetu.

Hoja ninayoiheshimu kuliko zote ni ya akina mama wenzangu. "Mtoto wangu akalale porini na watu wazima nisiowajua? Hapana." Wala sitawaambia kwamba wana hofu za kishamba. Chama cha skauti wavulana cha Marekani kilikwenda mahakamani kujitangaza mufilisi Februari 2020, na waliojitokeza kudai kwamba walidhalilishwa wakiwa watoto walikuwa zaidi ya 80,000. Mzazi anayemwamini mtu kwa sababu tu amevaa skafu anafanya kosa, kama ilivyo kosa kumwamini mtu kwa sababu tu amevaa koti jeupe au kilemba.

Kwa hiyo niliangalia sheria kabla ya kuangalia picha za kambi. Nilichunguzwa kumbukumbu za polisi. Niliulizwa watu wanaonifahamu. Nilisomeshwa juu ya kumlinda mtoto kabla ya kusomeshwa kamba. Kuna kadi ya manjano ambayo kila mtu mzima anapaswa kuijua. Humo imeandikwa usikae faragha na mtoto peke yenu, watu wazima na watoto hawalali hema moja, ukisikia jambo huweki siri, unalipeleka mbele. Je, hiyo inatosha? Kadi peke yake haimlindi mtoto. Kinachomlinda ni watu wazima wengi wenye macho, wanaoangaliana. Na ndiyo maana nawaambia akina mama wa kwetu, njooni nyinyi wenyewe! Ukiogopa kambi, ijaze kambi na watu kama wewe. Tukikaa nyumbani tukiogopa, tunawaachia wengine waamue nani alale jirani na watoto wetu.

Nikiri pia kwamba Waswahili wa ughaibuni tuna tabia yetu. Harusi tupo, msiba tupo, siasa za nyumbani mpaka saa nane usiku tupo. Lakini shule ikitafuta mzazi wa kukaa kwenye kamati hatumo. Timu ya mpira ya watoto ikitafuta wa kuosha jezi, hatumo pia. Tunasema hapa si kwetu, tunapita. Mwaka wa kumi na tano huu, bado tunapita! Na watoto wetu, ambao hapa ndipo kwao, wanakua wakituona tumesimama mlangoni, hatuingii wala hatutoki.

Kama muuguzi niongeze jambo moja. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Edinburgh na Glasgow walichapisha matokeo ya kuwafuatilia Waingereza karibu 10,000 waliozaliwa mwaka 1958. Waliopitia skauti utotoni walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 15 hivi wa kusumbuliwa na wasiwasi au huzuni ya maradhi walipofika miaka 50. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba skauti ndiyo dawa, huenda familia zao zilikuwa na tofauti nyingine. Lakini mimi ninayeona wodini watu wa miaka 50 wasio na hata mtu mmoja wa kumwandika kwenye fomu kama ndugu wa karibu, sikushangaa kuusoma.

Na sasa nifike pale ambapo sikuweza kumwambia mama mdogo kwenye simu.

Baba alipofariki, mwaka 2022, mnajua nilipata habari nikiwa kazini. Mlizika siku ileile, na ndivyo inavyotakiwa. Mlikuwa wengi, mikeka imejaa mpaka barabarani. Mlinipigia na kila mmoja akaniuliza, "Nani yuko na wewe?" Nikawajibu kwamba nipo na watu. Hamkuuliza watu gani, na mimi sikusema.

Walikuwa watu wa Alhamisi.

Mume wangu alikuwa zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee na hakupata ruhusa. Yule mzee dereva wa basi alinipeleka Heathrow saa tisa usiku, hakuongea njiani isipokuwa kuniuliza kama nina joto la kutosha. Mama wa yule binti mpole alimchukua mwanangu shuleni kila siku kwa wiki mbili, akamlisha, akahakikisha nyama ni halali bila mimi kumkumbusha. Kwa sababu yao niliweza kuondoka haraka, na ndiyo maana nilifika Tanga siku ya hitima, nikakaa na mama. Niliporudi nilikuta vyombo vya chakula mlangoni, na kadi, na majina ya watoto ishirini na wanne yameandikwa kwa penseli za rangi. Hawakuingia kukaa nami mkekani, hawajui mambo hayo. Wanaacha bakuli mlangoni, wanabonyeza kengele na kukimbia kama wadaiwa! Lakini walikuja.

Miaka yangu miwili ya mwanzo hapa nilijua wodi, kituo cha basi na kitanda. Ningefiwa wakati ule ningelia kwenye basi na kurudi kazini kesho yake. Hilo ndilo ninalolipwa, mama mdogo. Sikujua kama ningelipwa, na nisingekwenda kwa sababu hiyo. Lakini umeuliza, nami nimekujibu.

Ada ya mtoto wa kaka nimeshaipanga. Nitafanya Jumamosi mbili mwezi huu na mwezi ujao, itatimia inshallah. Sikusudii kuitoa kwenye Alhamisi. Huenda kuna siku mambo yatabana nitalazimika, sitaapa. Lakini iwe kwa shida ya kweli, isiwe kwa sababu tu nafasi imeonekana.

Na wewe kaka yangu mwalimu, unayewasimamia skauti wa shule yako jua kali baada ya vipindi, bila posho, kwa kamba za katani ulizonunua mwenyewe, hakuna aliyewahi kukuuliza wanakulipa kiasi gani? Naomba nikwambie leo kwamba nakuona. Katika mzigo ujao nitaweka bandeji za pembetatu na kamba nzuri. Wafundishe lile la kuungua. Kama hakuna bomba, ndoo na kata vinatosha, mtu amimine polepole na mwenzake ahesabu dakika, na yakiishia chini wayakinge kwenye beseni wamimine tena. Mwambie mdogo wetu aje awaonyeshe mkono wake, kama yuko radhi. Watoto hawatasahau.

Basi ndugu zangu, nguo zimeshaiva kwenye mashine na mimi kesho alfajiri nina zamu. Alhamisi hii tunapika chapati kwenye moto wa kuni nje ya ukumbi, mimi ndiye fundi, niombeeni mvua isinyeshe. Msinipigie kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili usiku za huku. Kwa kuwa majira ya baridi tumetofautiana saa tatu, kwenu ni saa tatu na nusu hadi saa tano. Baada ya hapo nipigieni hata usiku wa manane, nitapokea.

Mama mdogo, shikamoo. Mguu unaendeleaje?